Karani Ndani ya Sanduku: Kuzitoa Diski za Commodore 64 Hadi Kwenye PC ya Leo

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Ahsanteni kwa kuja, na karibuni hasa nyinyi mliokuja na mabegi mazito, maana naona humu ndani kuna watu wamebeba vyuma.

Nianze na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote: "Nikipata draivu ya flopi ya inchi tano na robo, ile ya PC ya zamani, nikaifunga kwenye kompyuta yangu, itasoma diski zangu za Commodore?" Haitasoma. Diski ni ileile kwa umbo, unaweza hata kuwa umeinunua kwenye boksi lilelile, lakini maandishi yake ni mengine kabisa. PC huandika biti zake kwa mtindo unaoitwa MFM, na kwa kasi moja kuanzia ukingoni mpaka katikati. Commodore 64, kompyuta ya nyumbani ya miaka ya themanini, ilitumia mtindo wa GCR, ambapo kila biti nne hugeuzwa kuwa tano kabla ya kuandikwa, na kasi hubadilika kadiri kichwa cha kusomea kinavyoingia ndani. Diski imegawanywa katika njia za duara, na kila njia katika vipande vinavyoitwa sekta. Njia 17 za nje zina sekta 21 kila moja, saba zinazofuata zina 19, sita zina 18, na tano za mwisho zina 17. Jumlisheni: sekta 683, kila moja baiti 256. Hizo ni baiti 174,848, na nawaomba mkumbuke namba hiyo kwa sababu mtakutana nayo tena. Chipu inayosimamia flopi ndani ya PC haikutengenezwa kuelewa hayo yote. Itazungusha diski, itanguruma, kisha itakwambia diski haina kitu.

Basi nani anaelewa? Anaelewa huyu hapa, draivu ya 1541, ile ya Commodore yenyewe. Wengi humwona kama kifaa cha pembeni tu, kama printa. Fungueni skrubu nne za chini mtazame. Ndani kuna prosesa ya 6502, kuna kumbukumbu ya kilobaiti 2, kuna ROM yenye jumla ya kilobaiti 16 za programu, na kuna chipu mbili za 6522 za kuendesha mota na kuzungumza na nje. Hii ni kompyuta kamili, imekosa kibodi na skrini tu. Mwaka 1982, Commodore 64 ilipoingia sokoni Marekani kwa dola 595, aliyenunua na draivu yake alikuwa amenunua kompyuta mbili.

Na hapo ndipo kazi yetu yote ilipo. Kompyuta kubwa haigusi diski. Huiambia draivu, "Nipe faili fulani," na draivu hutafuta yenyewe, husoma yenyewe, huhakiki yenyewe, halafu hutoa baiti moja moja. Ni kama karani wa masjala: wewe huingii kwenye makabati, unasimama dirishani unaomba jalada. Kwa hiyo tusihangaike kuisomesha PC ya leo diski ya mwaka 1985. Tuifundishe kusimama dirishani na kuomba kwa lugha anayoijua karani.

Lugha yenyewe hupita kwenye kebo yenye plagi ya duara ya pini sita. Nyaya zinazotuhusu ni tatu: ATN ya kuita, CLK ya kupiga mapigo, na DATA ya kupitisha biti. Zote huwa juu, kwenye volti 5, na kifaa chochote kinaruhusiwa kuuvuta waya chini. Ni mpango mzuri na rahisi, ila unakwenda polepole mno. Chipu ya 6522 iliyokuwa kwenye VIC-20, kompyuta ya Commodore iliyotangulia, ilikuwa na kasoro katika sehemu ya kutuma biti mfululizo, wahandisi wakaamua kuzituma moja moja kwa programu, na Commodore 64 ikarithi ucheleweshaji huo ili vifaa viendane. Matokeo yake ni kama baiti 400 kwa sekunde. Kwa mwendo huo diski nzima huchukua zaidi ya dakika saba, nje ya muda wa kusitasita njiani.

Sasa, kebo. Miaka ya tisini watu waligundua kwamba mlango wa printa wa PC una pini unazoweza kuziinua na kuzishusha moja moja kwa programu. Wakaunganisha moja kwa moja kwenye draivu: kebo ya X1541, halafu XE1541 yenye diodi kwa sababu milango ya baadaye ilikuwa haikubali kuvutwa chini, halafu XA1541 yenye transista. Wapo wanaozipenda mpaka leo. Kama una PC ya mwaka 2000 stoo, yenye mlango halisi wa printa, tumia. Kama huna, usiitafute kwa ajili ya hili.

Naona mkono umenyooshwa. Ndiyo, kaka. Anauliza kuhusu ile adapta ya USB ya printa inayouzwa madukani. Hiyo weka mbali kabisa. Adapta ile inajua kupeleka karatasi kwa printa na si zaidi. Haikupi mamlaka ya pini moja moja. Na hata ingekupa, USB hubeba mizigo yake kwa vipindi, ilhali karani wetu anahesabu mikrosekunde. Mfano mmoja: kumwambia msikilizaji kwamba hii ndiyo baiti ya mwisho, msemaji hukaa kimya kwa zaidi ya mikrosekunde 200. Ukimya ni sehemu ya lugha! PC ya leo, ikiwa inashughulikia vitu mia kwa pamoja, itakaa kimya muda huo bila kukusudia, na draivu itaelewa vingine.

Dawa ni kuweka mtu wa kati. Kifaa kinachoitwa ZoomFloppy ni bodi ndogo yenye mikrokontrola. Upande mmoja ina USB, upande mwingine soketi ya pini sita. Mikrokontrola hiyo haina shughuli nyingine duniani, kwa hiyo inaweza kuhesabu mikrosekunde bila kukosea, kisha inakusanya baiti na kuzipeleka kwenye PC kwa mafungu. Upande wa PC unaweka OpenCBM, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows, Linux na Mac.

Kabla ya umeme, mambo mawili. Mashine iliyoletwa na ndugu kutoka Uingereza inakubali umeme wetu. Iliyotoka Marekani ni ya volti 120, na 1541 ya kwanza ina transfoma ndani yake, hivyo ukiichomeka ukutani moja kwa moja unaichoma. Na kebo ya pini sita usiichomeke wala kuichomoa vifaa vikiwa vimewashwa. Chipu zilizo nyuma ya soketi hiyo hufa kwa uzembe huo. (Mtauliza kwa nini mashine zenyewe ni adimu kwetu. Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na televisheni ya Bara tumeianza 1994, mwaka uleule Commodore ilipofilisika. Na kompyuta hii skrini yake ilikuwa televisheni. Nyingi nilizoziona zilikuja kwenye makontena ya vitu vya nyumbani.)

Haya, tumewasha. Andika `cbmctrl detect`, nayo itakutajia draivu iliyopo, kwa kawaida namba 8. Andika `cbmctrl status 8`, na kama draivu imewashwa sasa hivi itajitambulisha: 73, CBM DOS V2.6 1541. Mimi kila nikiiona huwa natabasamu. Kompyuta ya zaidi ya miaka arobaini imeulizwa jina lake na kompyuta ya leo, na imejibu.

Kisha amri yenyewe: `d64copy 8 barua.d64`. Subiri kidogo, utapata faili moja la baiti 174,848. Hiyo ndiyo namba niliyowaomba mwikumbuke. Faili hilo ndilo taswira ya diski: sekta zote 683 zikiwa zimepangwa kwa zamu, pamoja na orodha ya mafaili inayokaa njia ya 18. Ukilifungua ndani ya VICE, programu inayojifanya Commodore, ni kama umeingiza diski.

Hapa kuna jambo zuri. Haitachukua dakika saba. OpenCBM, kabla ya kuanza, hutuma kipande kidogo cha programu na kukiweka ndani ya zile kilobaiti 2 za kumbukumbu ya draivu, halafu huiamuru draivu ikiendeshe. Kuanzia hapo karani anazungumza lahaja nyingine, ya haraka zaidi. Isingewezekana kama 1541 isingekuwa kompyuta.

Sasa niwatie wasiwasi kidogo. Faili la D64 ni kile karani alichokusomea. Sicho kila kilichomo kwenye jalada. Kwa barua, mahesabu ya duka, programu za BASIC ulizoandika mwenyewe, inatosha kabisa. Kwa michezo ya kuuzwa, mara nyingi haitoshi. Waliotengeneza michezo walikuwa wakiharibu sekta kwa makusudi, au wakiandika njia nzima kwa kasi isiyo yake, au kati ya njia mbili. Mchezo ukianza, unakwenda kutazama: kosa langu lipo? Kama halipo, unajua umenakiliwa na unagoma. Ndiyo maana draivu zilikuwa zikigonga ta-ta-ta-ta wakati wa kupakia. 1541 haina kihisi cha kuonyesha njia ya kwanza. Ikipotea, husukuma kichwa mpaka kigonge ukuta. Ukiigongesha miaka mingi, kichwa huhama.

Lipo D64 la baiti 175,531, lenye baiti moja ya ziada kwa kila sekta, inayoeleza kosa lililoonekana. Husaidia kiasi. La maana zaidi ni G64, linalohifadhi GCR yenyewe, njia kwa njia, kabla karani hajaitafsiri. Kulipata kuna ugumu wake: njia ya nje hubeba zaidi ya baiti 7,600 za GCR, na draivu ina kumbukumbu ya 2,048 tu. Haiwezi kuishika njia nzima. Lazima imwage nje papo hapo, na zile nyaya tatu haziwezi kasi hiyo. Kwa hiyo watu huifungua 1541, wakaunganisha kebo ya pili ya nyaya nane kwenye chipu ya 6522, na programu ya NIBTOOLS hufanya iliyobaki. Ni kazi ya chuma cha kulehemu. Kama hujazoea, mpe anayejua.

Njia nyingine ni kumwacha karani kabisa. Greaseweazle, bodi iliyobuniwa na Keir Fraser, hutumia draivu ya PC lakini huikwepa chipu ya PC. Hupima muda kati ya badiliko moja la sumaku na jingine, na kuacha programu ije kuamua maana baadaye. Ni bei nafuu, na husoma diski za kompyuta za Amiga, Apple, Atari na nyinginezo. Ina kero moja kwa sisi wa Commodore: 1541 haijali lile tundu dogo la kuashiria mzunguko, na watu walikuwa wakikata pengo la kuruhusu kuandika upande wa pili wa diski, wanaigeuza, na kuandika mgongoni. Ukiigeuza hivyo kwenye draivu ya PC, tundu haliko mahali pake, na draivu nyingine hukataa kutoa chochote.

Lakini kwa maoni yangu adui wetu mkubwa pwani hii ni ukungu, kuliko hata ulinzi wa michezo. Kabla hujaingiza diski yoyote, ielekeze kwenye mwanga na uizungushe kwa kidole ukitazama dirisha lake. Ukiona madoadoa meupe, usiiingize. Ukungu hushika kichwa, kichwa huikwaruza diski hiyo, halafu huikwaruza na ile safi inayofuata. Diski ya namna hiyo hutolewa kwenye ganda lake, huoshwa taratibu kwa maji yaliyochujwa na tone la sabuni, hukaushwa kivulini na kuvikwa ganda safi la diski nyingine. Kichwa nacho kifute kwa pamba na spiriti ya isopropili. Ziba pengo la pembeni kwa kipande cha utepe wa gundi kabla ya kusoma, ili draivu isiweze kuandika hata ukikosea amri. Soma mara mbili na ulinganishe mafaili. Draivu ikilalamika 23, hesabu ya sekta haikulingana. Ikisema 21, haioni hata alama ya kuanzia. Jaribu draivu nyingine kabla ya kuikatia tamaa, maana huenda diski iliandikwa na mashine ambayo kichwa chake kilikwisha hama.

Swali la mwisho, dada yangu hapo mbele: je, unaweza kurudisha taswira kwenye flopi halisi? Ndiyo, ni amri ileile ukigeuza mpangilio: `d64copy barua.d64 8`, baada ya kuiformati diski kwa `cbmformat`. Ila msinunue diski za megabaiti 1.2. Sumaku yake inahitaji nguvu ambayo kichwa cha 1541 hakina. Utaandika leo, na kesho haisomeki. Tafuteni zilizoandikwa DD au 2D. Wenye mabegi, sogeeni meza hii. Wenye diski zenye madoa, kaeni meza ile ya dirishani.