Mama Yake Fisi: Kumtazama Mwovu Bila Kumuunga Mkono

Hamjambo walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi vijana mliotembea kutoka Kondele na Manyatta, mitaa yetu ya Kisumu, katika jua lote hili. Asanteni kwa kuja.

Juzi mama mmoja alinisimamisha sokoni Kibuye akaniuliza: "Mwalimu, mimi ni mtu wa kanisa. Usiku nakaa kutazama mwizi na muuaji kwenye runinga, na polisi wakimkaribia naomba moyoni atoroke. Nina shida gani?" Alikuwa amekunja uso kwa wasiwasi wa kweli. Maneno ya jioni hii ni jibu langu kwake.

Hana shida. Lakini kuna mahali anapaswa kuchunga, na mahali penyewe sipo pale anapopaogopa.

Tuliolelewa Ujaluoni tunaikumbuka siwindhe, nyumba ya nyanya ambamo watoto walilala na kusimuliwa ngano. Nyanya yangu alipenda ile ya njaa kuu. Sungura na fisi wanapatana kwamba kila mmoja amuue mamake wapate kula. Fisi anamuua wake kweli. Sungura anamficha wake, na wakishamaliza nyama ya mama yake fisi, anaenda kwa siri kila siku kulishwa na mamake huku fisi akikonda. Tulicheka hadi tukashika mbavu. Kesho yake hakuna aliyeamka akamdhulumu jirani, na nyanya hakuona haja ya kutuonya kwamba sungura ni mwongo. Tulijua. Kama tusingejua, tungecheka nini?

Waswahili wa pwani wanalo hilo katika mwito wenyewe. Msimulizi anaita, "Hadithi, hadithi!" na wasikilizaji wanaitikia, "Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!" Sikilizeni vizuri: ni wasikilizaji wanaoualika uongo, kwa vinywa vyao wenyewe, kabla haujasemwa. Anayeualika uongo kwa jina lake hajadanganyika.

Sasa twende Marekani, kwa mwalimu mwenzetu. Tamthilia ya Breaking Bad ilionyeshwa kuanzia Januari 2008 hadi Septemba 2013, vipindi 62. Walter White anafundisha kemia katika shule ya sekondari mjini Albuquerque. Mshahara haufiki mwisho wa mwezi, kwa hiyo akitoka darasani anafanya kazi mahali pa kuoshea magari. Katika kipindi cha kwanza amepiga magoti anasugua gurudumu, na mwenye gari ni mwanafunzi wake. Walimu, naona mnainamisha vichwa. Wako kati yetu wanaobeba abiria kwa bodaboda baada ya kengele ya mwisho, na siku moja abiria anakuwa mtoto wa kidato cha tatu.

Kisha Walter anaambiwa ana saratani ya mapafu, naye anaanza kupika dawa za kulevya ili, asemavyo, aiachie familia pesa. Kufikia hapo sisi tumeshakuwa upande wake. Kilichotufunga kwake ni lile goti lililo chini. Dawa zilikuja baadaye, na zilipokuja tulitetemeka kwa sababu tunajua ni haramu na zinaua. Mtu anayeona kupika dawa hizo ni sawa na kupika chai, kipindi kile kingemchosha mapema. Utamu wote umekaa juu ya hukumu yetu. Yule mama wa Kibuye anaomba mwizi atoroke, na papo hapo moyo wake unamwambia hapaswi kutoroka. Moyo huo haujalala.

Mahali pa kuchunga nilipajulia nyumbani kwangu. Mke wangu alikuwa ameweka ungo mapajani anachambua omena, dagaa wa ziwani, anatoa vijiwe na vipande vya majani, kidole kimoja kimoja, hatazami skrini. Mimi nilikuwa nimekasirika. Skyler, mkewe Walter, alikuwa amegundua siri na alitaka mumewe atoke nyumbani. Nikasema, "Huyu mwanamke kwa nini hamwachi mume wake apumue?" Vidole vikasimama kwenye ungo. "Baba Achieng'," akaniambia, "huyo ana mtoto mchanga na mume muuza sumu. Ulitaka apige vigelegele?"

Sikuwa na la kujibu. Na sikuwa peke yangu katika kosa hilo. Agosti 2013 Anna Gunn, mwigizaji wa Skyler, aliandika katika gazeti la The New York Times jinsi watazamaji walivyomchukia mhusika wake, chuki ikavuka hadi kwake yeye mwenyewe, mpaka mtu akaandika mtandaoni akiulizia alipo ili amuue. Mwigizaji! Wakati huohuo mwenye kiwanda cha sumu anashangiliwa. Hapo ndipo penye hatari, jamani. Kumpenda Walter hakujanidhuru. Kumkasirikia aliyemkataza, hilo nilipaswa kulikamata mapema.

Na tamthilia yenyewe haikutuficha. Walter anamwacha msichana Jane afe mbele ya macho yake, akipaliwa na matapishi, ilhali angeweza kumgeuza kwa mkono mmoja. Halafu hadithi inamfuata babake Jane, ambaye kazi yake ni kuongoza ndege. Anarudi kazini na msiba kichwani, anakosea, na ndege mbili zinagongana angani. Katika kipindi cha mwisho kabisa Walter mwenyewe anakiri kwa Skyler kwamba kazi hiyo hakuifanya kwa ajili ya familia. Aliifanya kwa ajili ya nafsi yake, na aliipenda. Mkewe alikuwa amelijua hilo zamani, sisi tukamwita msumbufu.

Kuna wanaosema dawa ni kupiga marufuku. Januari 2014 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya iliipiga marufuku The Wolf of Wall Street, filamu ya dalali wa hisa mlaghai. Sioni marufuku ikimfundisha mtu mzima kumtazama aliyeumizwa. Watoto ni habari nyingine, na mzazi anayewasha mauaji mbele ya mtoto wa chekechea sina utetezi wake. Lakini kijana wa miaka 19, kaa naye kochi moja. Mwulize ni nani analia nje ya skrini. Na iwapo tamthilia haionyeshi kabisa anayelia, wizi ni magari na muziki tu, hiyo izime, kwa maana imekunyima nusu ya hadithi.

Desemba nilikuwa Seme kwa likizo, nikamsimulia mjukuu wangu wa miaka saba ile ya njaa kuu. Aliitikia mwito kwa sauti ya kuamsha kuku. Akamcheka fisi hadi akajilaza kwenye mkeka. Kisha akanyamaza, akaniuliza, "Babu, na mama yake fisi, mifupa yake walizika wapi?"

Nyanya hakutuambia, nasi hatukuuliza. Nikamwambia sijui. Siku hizi nikifika hapo katika ngano ninasimama kidogo, fisi anabaki peke yake kando ya chungu, halafu ndipo naendelea na sungura.