Watu Saba Mlangoni

KOMBO: Karibuni tena. Leo tuliahidi masomo matatu kwa wanaopigania usawa wa rangi, tutayafikia. Kwanza Dada Saumu, Jumanne nimekabidhiwa pasipoti ya marehemu mmoja, Mhindi wa Kenya, mjane wake ataka nimsomee. Jalada la buluu iliyoiva, vidirisha viwili vya jina na nambari, pembe imekatwa. Imetolewa Nairobi mwaka 1966. Ndani: Raia wa Uingereza na Makoloni. Mama anauliza, kama mume wangu alikuwa Mwingereza, mbona 1968 walimrudisha kutoka London?

SAUMU: Nani aliitoa? Gavana au ubalozi?

KOMBO: Ubalozi.

SAUMU: Basi hapo ndipo penye kisa chote. Sheria ya uhamiaji ya Uingereza ya 1962 iliwawekea masharti raia wa Jumuiya ya Madola, ikawasamehe mzaliwa wa Uingereza na mwenye pasipoti iliyotolewa na serikali ya Uingereza yenyewe. Ya serikali ya koloni haikuhesabika. Kenya ikapata uhuru 12 Desemba 1963. Baada ya hapo pasipoti ya Kiingereza unaichukua ubalozini, na ubalozi ni serikali ya Uingereza. Mhindi wa Kisumu akawa huru kuingia, bila kifungu hata kimoja kubadilishwa.

KOMBO: Hadi Callaghan, Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, alipopeleka mswada bungeni mwishoni mwa Februari 1968. Tarehe 1 Machi ilikuwa sheria. Na haikutaja rangi popote.

SAUMU: Haikuhitaji. Ilisema pasipoti ya Uingereza pekee haitoshi tena: wewe mwenyewe, au mzazi wako, au babu au bibi yako, awe amezaliwa Uingereza, au ameupata uraia kwa kuasiliwa, kuandikishwa au tajnisi, yaani kupewa uraia mgeni aliyeuomba, kule.

KOMBO: Tuhesabu. Wewe mmoja, wazazi wawili, babu na bibi wa pande zote wanne. Saba. Akipatikana mmoja, unapita.

SAUMU: Mtoto wa mlowezi wa Kizungu, kazaliwa Nakuru, wazazi wote wawili kazaliwa Afrika Kusini, ila bibi mzaa mama kazaliwa Scotland.

KOMBO: Mmoja kati ya saba. Anapita.

SAUMU: Mtoto wa mwenye duka Kisumu. Yeye kazaliwa papo hapo, ila baba, mama na mababu wote Gujarat, India.

KOMBO: Sifuri. Na pasipoti zao jalada ni moja, maneno ni yale yale.

SAUMU: Mwenye sifuri akaomba vocha, yaani kibali maalumu cha kuingia Uingereza. Kwa kuanzia ziliwekwa 1,500 kwa mwaka, na hiyo ni ya mkuu wa familia; mke na watoto wanamfuata. Mwanamke aliyeolewa hakuhesabiwa mkuu wa familia ila mume akiwa hajiwezi. Kwa hiyo mke mwenye pasipoti ya Uingereza aliyeolewa na mume asiyekuwa nayo, vocha hakupata.

KOMBO: Na aliyepanda ndege bila vocha alirushwa kama mpira: London wamrudishe, alikotoka wamkatae, apandishwe ndege nyingine. Mume wa yule mama ni wa kundi hilo. Sasa nitamjibuje kwa lugha nyepesi?

SAUMU: Mchoree mti wa familia, nafasi saba. Mbele ya kila jina andika alikozaliwa. Jibu atalisoma mwenyewe.

KOMBO: Hapo lakini hujamjibu yote. Kwa nini alilazimika kuondoka? Sheria za Kenya za 1967, ya uhamiaji na ya leseni za biashara. Asiye raia atafute kibali cha kazi, na kuna maeneo na bidhaa asiruhusiwe kuuza. Huo nao ni ubaguzi wa rangi.

SAUMU: Siafiki. Kenya iliuliza uraia. Aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja kazaliwa Kenya, akawa raia siku ya uhuru moja kwa moja. Wengine walipewa miaka miwili, hadi Desemba 1965, kujiandikisha.

KOMBO: Na maombi yaliyokaa ofisini bila jibu? Mtu kaomba ndani ya muda, karatasi haijarudi, leseni inakataliwa kwa kuwa si raia.

SAUMU: Huo ni uonevu wa ofisi, naulaani. Lakini karatasi mtu aweza kuiomba. Babu haombwi.

KOMBO: Dada, aliyefungiwa duka haoni tofauti hiyo. Ukiyaweka makosa ya kwetu pembeni, kampeni yako inakuwa na mguu mmoja.

SAUMU: Na ukiyachanganya, wa London anajificha nyuma ya Nairobi. Ndivyo walivyojitetea: wanafukuzwa na Waafrika, sisi tunazuia mafuriko tu. Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya haikudanganyika. Mwaka 1973 ilisema kuwabagua hadharani kwa rangi kulifikia kuwadhalilisha utu.

KOMBO: Tume hiyo haikuulizwa kuhusu Kenya.

SAUMU: Kweli. Bado siafiki.

KOMBO: Wala mimi. Na tumebakiwa na dakika mbili. Masomo matatu?

SAUMU: Hayatoshei. Tusiyaharakishe. Mjane mwenyewe ana pasipoti gani?

KOMBO: Anasema ana ile hadhi ya Raia wa Uingereza wa Ng'ambo, iliyoanza 1983, isiyompa mtu haki ya kuishi Uingereza.

SAUMU: Hilo ni la maana kuliko yote leo. Vocha zilifutwa 2002, na sheria ya mwaka huohuo ikawafungulia wenye hadhi hiyo wasio na uraia mwingine wowote wajiandikishe kuwa raia kamili. Kabla hajalipa ada yoyote, muulize kama amewahi kuchukua uraia wa Kenya au wa India, na kama aliukana, aliukana lini. Tarehe hiyo nayo wataiangalia.

KOMBO: Nampigia leo jioni.