Saratani ya Ini Tuizuie Kuanzia Ghalani

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, vijana, karibuni. Mmenialika nizungumzie saratani ya ini, na najua wengi mnangoja niseme habari za pombe. Nitazisema. Ila kwa Dodoma yetu hii, naomba nianze na mahindi.

Mwaka 2016, hapa Dodoma na kwa jirani zetu wa Manyara, watu walianza kutapika, tumbo likajaa, macho yakawa ya njano. Walioorodheshwa walikuwa 68, na 20 kati yao tukawazika. Kenya, mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, waliugua 317, wakafa 125. Chanzo kilikuwa sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu unaoota kwenye mahindi na karanga.

Hao walikula sumu nyingi kwa muda mfupi. Mimi naogopa zaidi ile inayoliwa kidogo kidogo kwa miaka: ugali wa kila siku, mboga iliyoungwa karanga, uji wa mtoto. Sumukuvu huharibu vinasaba ndani ya ini, na saratani huanzia hapo. Akiila mtu ambaye tayari ana virusi vya homa ya ini B, hatari huongezeka maradufu kwa maradufu.

Na kupika hakuiondoi. Ugali unaiva, sumu imo. Tena punje inaweza kuonekana safi kabisa na bado ikawa nayo. Ndiyo maana kazi kubwa tuifanye kabla ya jungu kubandikwa. Mahindi yakikauka shambani, yavunwe, yasingoje mvua. Yaanikwe juu ya turubai au kichanja, yasilale kwenye udongo. Kabla ya kuhifadhi, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi, tia chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache kisha iache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, rudisha mahindi juani. Magunia yapange juu ya chaga, mbali na ukuta.

Mama anayetengeneza unga wa lishe, nakusihi uchambue karanga moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyo chungu, itoe. Mtoto anakula uji huo kila siku, na mwili wake ni mdogo.

Sasa virusi. Homa ya ini B huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Mtoto mchanga akiipata, mara nyingi hubaki nayo maisha yote. Watu wazima wengi huipona. Chanjo yake iliingia kwenye ratiba ya watoto wa Tanzania mwaka 2002. Maana yake sisi watu wazima tuliomo humu wengi hatukuipata. Nendeni mkapime. Usiye nayo, omba chanjo, na umalize dozi zote. Uliye nayo, usikimbilie mizizi. Zipo dawa za kuvituliza virusi, na ini lako lichunguzwe mara kwa mara.

Pombe, kama nilivyoahidi. Huliachia ini makovu, na kwenye makovu ndipo saratani nyingi huota. Hakuna kiasi chake ambacho naweza kukuambia ni salama. Soda na unene wa kupindukia nao hujaza ini mafuta, na hilo sasa tunaliona hata kwa vijana.

Kuna mzee ameuliza: mahindi yaliyoota ukungu, si tuwape kuku au tupikie pombe? Hapana, mzee wangu. Sumu huwadhuru kuku, ng'ombe huipitisha kwenye maziwa, na kwenye pombe inabaki. Najua inauma kutupa chakula mlichokitolea jasho. Lakini hayo yachimbieni shimo, myafukie.