Vuli na mbwa wako: pwani, tope na kupe

ZUHURA: Assalaam alaykum wasikilizaji, karibuni tena. Leo na kaka Haji tunazungumza habari za mbwa wa kufuga, na hii vuli ndo ishaingia.

HAJI: Waalaykum salaam. Mie nakwambia Bi Zuhura, hakuna msimu mzuri wa kuwa na mbwa kama huu. Kaskazi jua linaunguza mchanga mpaka mbwa anashindwa kukanyaga, masika mvua haitoi nafasi, lakini Oktoba na Novemba hizi inapiga mvua kidogo inakata, hewa inapoa, mbwa mwenyewe anachangamka, masikio juu, kila kichaka anataka anuse.

ZUHURA: Kule Uingereza saa hizi majani yanapukutika, wenye mbwa wanachunga wasile kokwa za mwaloni maana zinawadhuru. Sie tuchunge nini?

HAJI: Shokomzoba, wale wanyama wa bahari wenye miba! Ukenda Paje au Jambiani huku kwetu Unguja maji yakitoka, bahari inakwenda mbali kweli, mbwa akiuona uwazi ule anatimka tu, miba ikimwingia kwenye nyayo ni tabu. Mshike kamba. Halafu tafadhali sana usimpitishe kwenye mashamba ya mwani, kina mama wamefunga mwani wao kwenye kamba na vijiti, mbwa akikatisha mara moja jasho la mtu limekwenda. Na maji ya kunywa beba, akinywa ya bahari atatapika na kuharisha.

ZUHURA: Mie linalonigusa zaidi ni hili. Watu huku wanapenda mbwa ila wanaogopa najisi, na vuli ndo zaidi kwa sababu mbwa karowa. Sie wa madhehebu ya Shafii, mbwa mkavu akikugusa nawe mkavu hapana neno, ukiwepo umajimaji ndo unaosha mara saba, moja kwa udongo. Basi weka nguo ya kutembezea mbwa peke yake, weka ndoo na udongo safi pale nje kwenye bomba, ukirudi unamaliza hapohapo, unaingia ndani unaswali moyo umetulia. Kumfunga mnyama mnyororo msimu mzima kisa mvua, hapana jamani, hiyo dhulma.

HAJI: Kweli kabisa. Wasasi wetu wa mashamba wanaishi na mbwa na swala haziwapiti.

ZUHURA: Na kupe?

HAJI: Ee, mvua hizi wanajaa. Akirudi mpapase ndani ya masikio, kwapani, baina ya vidole. Ukimpata mbane kwa kibano karibu na ngozi, vuta taratibu, usipinde. Mafuta ya taa msimwagie mbwa, yanamuunguza.

ZUHURA: Na chanjo ya kichaa cha mbwa jamani. Pemba ugonjwa ulishatoweka, mwaka 2016 ukarudi, wakachanjwa mbwa upya ndo ukaondoka. Kwa hiyo asikudanganye mtu kuwa kisiwani haufiki.

HAJI: Na ukitafunwa na mbwa usiyemjua, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali.

ZUHURA: Siku ileile, hata ukiwa mkwaruzo tu.