Mwili Usioambiwa Vita Vimeisha

Hamjambo nyote. Najua Jumapili ndiyo siku ya mauzo hapa sokoni Kibuye, kwa hiyo sitawaweka sana.

Huyu mama aliyeketi mbele ameniruhusu nimtaje bila jina. Asubuhi nilipomfunga mkanda wa kupima presha, mashine ilisoma 168 kwa 102. Alikuwa ametoka kuvutana na mwenye mkokoteni juu ya kreti za nyanya, na simu ikilia mkononi. Nikamwambia aizime, aegemee kiti, nyayo ziguse sakafu, mkono ulale mezani, na asiseme neno. Dakika tano. Tukapima tena: 146 kwa 92. Akacheka. "Kumbe sina presha, daktari. Ni ule mkokoteni!"

Mkokoteni ulichangia, sikatai. Juu ya kila figo pana tezi ndogo, imekaa kama kofia. Ukishtuka au ukikasirika, ubongo hutuma amri kupitia mishipa ya fahamu, na tezi hiyo humwaga adrenalini kwenye damu papo hapo. Moyo unapiga mbio, mishipa mingi ya damu inajikaza. Pampu imeongezwa kasi na bomba limebanwa. Presha itakosaje kupanda? Mbwa akikufukuza Kondele usiku, utaihitaji adrenalini hiyo. Ukifika nyumbani, inashuka. Huo si ugonjwa.

Taabu ni mwili usioambiwa vita vimeisha. Leo karo, kesho deni la chama, usiku mtu analinda duka badala ya kulala, na usingizi ndio wakati presha hupumzika. Mishipa ya fahamu ikibaki macho hivyo, huzihimiza figo zitoe kimeng'enya kiitwacho renini, na renini huamsha kemikali zinazokaza mishipa ya damu na kuufanya mwili ung'ang'anie chumvi na maji. Watu hulaumu moyo tu. Mimi huziwazia figo kwanza. Sisemi msongo pekee ndio unaoleta presha: chumvi, unene, pombe, umri na ukoo vyote vimo.

Sasa gusa shingo, hapo unapohisi mapigo. Ndani ya mshipa huo mna vihisi vinavyopima presha na kuuarifu ubongo ipande au ishuke. Presha ikikaa juu muda mrefu, vihisi vinazoea. Ninyi mnaujua mzani uliochezewa: kilo haijatimia, mshale unasema imetimia. Ndivyo navyo vinavyoanza kuiona 150 kuwa ya kawaida, vikiilinda isishuke. Na mara nyingi mtu huniambia hasikii chochote, na ni kweli hasikii.

Kwa hiyo mama, 146 yako bado imepita 140, na 92 imepita 90, mipaka tunayoanzia kuita presha ya juu. Sikuandikii dawa kwa kipimo cha leo, lakini pia sikuachilii. Rudi Jumatano, na wiki ijayo tena, kabla hujakutana na mwenye mkokoteni.

Haya, nani anafuata kitini? Simu izimwe kwanza.