Kabla Hujapiga Windows, Uliza Mashine Imeishia Wapi

Shikamooni wakubwa zangu, na vijana wenzangu habari za jioni. Nimeombwa nizungumzie kompyuta ya nyumbani inayojizima ovyo, halafu siku nyingine inagoma kuwaka kabisa. Naomba nianze kwa kuungama.

Miaka kadhaa iliyopita mwalimu mmoja mstaafu aliniletea mashine yake ya mezani. Asubuhi inafanya kazi vizuri, ikifika magharibi inazima yenyewe. Sikumuuliza kitu, nikapiga Windows, yaani nikaisakinisha upya. Ikashinda kibandani kwangu mchana kutwa bila tatizo, nikapokea changu, akaondoka nayo. Siku nne hazijaisha, huyo karudi. Nikapiga tena. Mara ya tatu nikafuta diski nzima kwa hasira, nikimwambia ni virusi. Mle ndani mlikuwa na mitihani aliyoitunga miaka na miaka, na picha za harusi ya binti yake. Nakala hakuwa nayo, nami sikumuuliza kama anayo.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa pawa saplai, lile boksi la ndani linalopokea umeme wa ukutani na kuugawa kwenye mashine. Nilikuja kuujua siku niliyomfuata nyumbani kwake jioni, na mita yangu ya kupimia umeme mfukoni. Mtaani kwao, majirani wakishawasha taa na pasi, umeme unashuka. Pawa saplai nzima ingevumilia. Yake ilikuwa imechoka. Waya wa njano utokao humo unatakiwa kutoa volti 12, na ukicheza sana usishuke chini ya 11.4 wala kupanda juu ya 12.6. Wake ulisoma 10.8 diski ilipoanza kuzunguka, mashine ikazima mbele ya macho yetu. Nikabadilisha pawa saplai, na Windows ileile niliyoilaumu mara tatu ikaendelea kufanya kazi.

Tangu siku ile, mtu akiniambia mashine yangu imekufa, namuuliza: imeishia wapi? Kwa sababu kompyuta haiamki kwa mkupuo, inaamka kwa zamu. Kwanza umeme ufike. Kisha bodi, ule ubao mkuu unaounganisha kila kitu, ijikague, iione prosesa ambayo ndiyo ubongo, iione ramu ambayo ni kumbukumbu ya muda, ilete picha kwenye kioo. Ndipo itafute diski, ghala la Windows na mafaili yako. Windows ni wa mwisho kabisa kuamka, lakini ndiye wa kwanza kushtakiwa.

Ukibonyeza na hakuna feni inayozunguka wala taa inayowaka, hapo usitaje virusi. Anza na soketi, waya, ekstensheni. Na ninyi mnaonunua mashine za mtumba kutoka Marekani, angalieni nyuma ya pawa saplai: nyingi za zamani zina kiswichi chekundu kidogo kilichoandikwa 115 na 230. Kwao ni 115, kwetu ni 230. Ukichomeka bila kukigeuza utasikia mlio kama fataki, na hapo hakuna la kuuliza. Jambo moja sitanii: usiifungue pawa saplai yenyewe. Hata ikiwa imechomolewa, kapasita zake, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zinaweza kuwa zimehifadhi volti zaidi ya 300.

Feni zikizunguka na kioo kikabaki cheusi, mimi naenda kwenye ramu. Huku pwani hewa ina chumvi, na vile vimeno vyake vinashika kutu nyembamba usiyoiona. Chomoa waya wa umeme, toa ramu, sugua vimeno taratibu kwa kifutio cha penseli, irudishe mpaka usikie imelia tak pande zote mbili. Utashangaa ni mashine ngapi zinafufuka hapo. Zikiwa mbili, jaribu moja moja. Na kama bodi yako ina kispika, iwashe bila ramu yoyote: ikipiga mlio wa kulalamika, basi bodi na prosesa vina uhai. Ikinyamaza, nafsi yangu huanza kuwaza bodi. Kwenye bodi za miaka ya 2000 mwanzoni, tazama kapasita zilizo karibu na prosesa. Kichwa cha kila moja kinatakiwa kiwe bapa. Kimevimba kama andazi, au kimetoa ute wa kahawia? Umempata mwizi. Kipindi kile kapasita mbovu zilisambaa kwenye bodi za kampuni nyingi duniani.

Sasa ile inayowaka lakini inajizima. Kuna jaribio moja nalipenda kwa sababu halina gharama. Washa, bonyeza Delete au F2 uingie kwenye baiosi, ile programu ya bodi inayoamka kabla ya Windows, kisha iache pale nusu saa, unywe chai. Windows wakati huo hajaamka. Mashine ikizima ukiwa baiosi, mwache Windows wa watu. Tafuta joto au umeme. Baiosi nyingi zinaonyesha nyuzi joto za prosesa palepale, na kama zinapanda bila kusimama, fungua ubavu uone vumbi lililoshonana kwenye feni. Ukilipuliza, shikilia feni kwa kidole isizunguke.

Ikitulia nusu saa nzima, nawasha kwa flashi yenye Ubuntu, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, bila kusakinisha chochote. Mambo yakienda sawa humo, ninaobaki kuwashuku ni diski na Windows. Na kupitia flashi hiyohiyo unanakili mafaili yako kwanza. Kwanza, nasema. Laiti ningelifanya hivyo kwa mwalimu. Lakini diski ya kuzunguka ikiwa inagonga kwa-kwa-kwa, zima. Kila ukiiwasha unaweza kuwa unakwangua kilichobaki.

Kuna mama pale nyuma aliniuliza kabla hatujaanza, nikamwomba asubiri. Yake, akiizima ukutani usiku, asubuhi inaamka na tarehe ya miaka ya nyuma, kisha kioo cha bluu chenye namba inayoishia na 7B. Akiiacha kwenye soketi usiku kucha, haimsumbui. Fundi amemwambia diski imekufa.

Mama, diski yako nadhani ni nzima. Kwenye bodi kuna kibetri cha duara, CR2032, cha volti 3. Ndicho kinachotunza saa na mipangilio ya baiosi umeme ukikatwa. Chako kimeisha. Kila usiku baiosi inasahau na kurudi ilivyotoka kiwandani, ikiwemo namna ya kuzungumza na diski. Asubuhi Windows anakuta lugha imebadilika, na hiyo 7B ndiyo namna yake ya kusema diski siifikii. Nunua kibetri kipya, kisha ingia baiosi urekebishe tarehe, halafu tafuta sehemu ya SATA, yaani mipangilio ya diski. IDE na AHCI ni lugha mbili za kuzungumza nayo. Ukikuta imeandikwa IDE, jaribu AHCI. Ukikuta AHCI, jaribu ile nyingine. Moja kati ya hizo huenda ikamwamsha. Ukikwama, ilete Jumamosi, ila uje nayo kabla hujampa fundi aliyetaka kukuuzia diski.