Mlizoea bei za makoti, leo ni Draupadi

Haya jamani, hamjambo huko? Wa Tanga, wa Mombasa, wa Bujumbura, na nyie wa Muscat mnaoangalia usiku mkiwa zamu, nawasalimu wote. Leo sipo dukani wala sokoni. Nimekaa jikoni kwangu hapa Leicester, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai, na hapo nyuma mnachokiona ni vitabu, si mabegi ya kutuma nyumbani.

Najua mnanung'unika. Mlinifuata kwa ajili ya makoti, vibali vya kazi, na namna ya kupanga chumba bila kutapeliwa. Nimezifanya video hizo mpaka hamu ikaniisha. Ukishaeleza kwamba koti zuri la mtumba ni bora kuliko jipya la bei ya kutupa, umebakiwa na nini cha kusema? Wengine mnaulizana kama nimebadili dini. Sijabadili, naswali kama mlivyonijua. Nimekutana na hadithi ya kale ya India tu, na hadithi yenyewe haitaki kuniachia.

Chanzo ni Belgrave Road. Hiyo ndiyo barabara ya sari, dhahabu na vyakula vya Kigujarati, na Diwali ikifika taa zinaning'inizwa juu yake na umati unajaa. Wenye maduka wengi asili yao ni kwetu kule. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda, halmashauri ya mji huu ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester. Wakaja. Ndiyo maana unaweza kuingia dukani kununua dengu ukajibiwa kwa Kiswahili. Kuna mama mmoja mzaliwa wa Kisumu, tunamwita Ba, yeye hata bei ananitajia kwa Kiswahili. Siku moja nikamkuta anatazama tamthilia ya zamani, watu wamevaa mataji, mmoja anarusha dadu. Nikamuuliza, "Ba, hawa wanacheza kamari?" Akasema, "Kaa. Huyu mjinga anamchezea mke wake."

Nikakaa.

Hiyo ni Mahabharata. Kwa Kisanskriti inatajwa kuwa na beti kama 100,000, na jambo lenyewe ni ndugu kugombea ufalme: Pandava watano upande huu, binamu zao mia upande ule. Yudhishthira, mkubwa wa wale watano, anaalikwa kucheza dadu. Anapoteza mali, anapoteza ufalme, anawaweka rehani wadogo zake mmoja mmoja, anajiweka mwenyewe, anashindwa. Halafu anamweka Draupadi, ambaye ni mke wa wote watano, na hapo napo anashindwa.

Sasa sikilizeni. Mjumbe anatumwa ndani kumwita Draupadi aje barazani, kwa kuwa sasa ni mtumwa. Yule mama halii. Anamrudisha mjumbe na swali: nenda kamuulize huyo mcheza kamari, alianza kujipoteza yeye au alianza kunipoteza mimi? Jamani! Kama alishakuwa mtumwa, mtumwa ana mke gani wa kumweka rehani? Mjumbe anarudi na swali hilo mbele ya wafalme wote, na baraza zima linapigwa butwaa. Draupadi anaburutwa kwa nywele, yuko katika siku zake, amevaa nguo moja, na bado anauliza. Bhishma, mzee wa ukoo, shujaa anayeogopwa na wote, anasema mambo ya dharma, yaani haki na wajibu, ni ya ndani sana, hawezi kulijibu. Anayemtetea ni Vikarna, kijana tu, tena wa upande wa maadui, na anakemewa. Kisha wanaanza kumvua nguo, na nguo haiishi. Wanavuta, nyingine inatokea.

Ba anajua kwa nini haiishi: Draupadi alimwita mungu Krishna, na Krishna akamstiri. Ndivyo inavyosimuliwa kila mahali. Lakini kuna wasomi wa taasisi ya Bhandarkar mjini Pune waliolinganisha miswada ya Mahabharata kuanzia 1919 hadi 1966 ili wapate matini iliyo ya zamani zaidi, na katika toleo lao dua ile ya kumwita Krishna haimo. Nguo zinaendelea kutokea tu. Nilipomwambia Ba, alinitazama kama mtu anayemsikia mtoto akitukana. Akasema hao wa Pune walikuwa na kazi nyingi.

Na kuna jingine kwenye toleo hilo hilo. Mkiuliza watu vita vya ndugu hao vilianzaje, wengi watawaambia Draupadi alimcheka Duryodhana, mkubwa wa wale binamu mia, alipotumbukia kwenye bwawa la ikulu, akamwita kipofu mwana wa kipofu. Kwenye ile tamthilia ya B.R. Chopra, iliyorushwa kuanzia 1988, ndivyo ilivyo. Matini ya Pune haina tusi hilo. Waliocheka mbele yake ni Bhima, ndugu zake na watumishi. Anayemwingiza Draupadi kwenye kicheko ni Duryodhana mwenyewe, anapokwenda kushtaki kwa baba yake. Yaani maneno ya mlalamikaji yakaja kugeuzwa historia, na mwanamke akabebeshwa vita vizima. Mnaifahamu tabia hiyo, sihitaji kuwachorea.

Ndiyo maana nikisikia mtu analaumu waandishi wa siku hizi kwamba wanaharibu hadithi za kale, namuuliza, kale ipi? Chukueni Ramayana, hadithi nyingine kuu ya kale ya India, ya Rama na mkewe Sita aliyetekwa na Ravana. Katika ile ya Valmiki, mshairi anayetajwa kuitunga, Rama anampokea Sita kutoka kwa Ravana kwa maneno makali, na Sita anaingia motoni kuthibitisha usafi wake. Karne ya 16 Tulsidas anaisimulia upya kwa Kiawadhi, na kwake aliyetekwa alikuwa kivuli. Sita wa kweli alikuwa amehifadhiwa na moto tangu mwanzo. Ramanand Sagar alipoileta kwenye televisheni mwaka 1987 akaifuata njia hiyo. Jambo liliwauma, wakalitafutia dawa. Halafu Sagar akataka kuishia kwenye kutawazwa kwa Rama, kabla ya Sita kufukuzwa akiwa mjamzito. Wafagizi wa miji kadhaa ya kaskazini mwa India, jamii inayojinasibisha na Valmiki mwenyewe, wakagoma mwaka 1988, taka zikarundikana, mpaka sehemu iliyobaki ikatengenezwa. Nyie mnaodai vipindi viendelee kwa kuniandikia tu, mjifunze hapo.

Basi vitabu. Chitra Banerjee Divakaruni alitoa *The Palace of Illusions* mwaka 2008, Draupadi akisimulia mwenyewe. Hasira yake nimeipenda, haombi radhi kwa mtu. Mapenzi yake ya siri kwa Karna, yule adui, yalinichosha kidogo. Nikadhani hayo ni mambo ya riwaya za kisasa, kumbe Maharashtra kuna ngano ya zambarau. Ndiyo, zambarau hizi hizi zinazotutia rangi ulimi. Tunda limechumwa mahali pasipofaa, halirudi mtini mpaka kila mmoja aseme siri yake, na siri ya Draupadi ni Karna.

Amish Tripathi yeye 2017 alimfanya Sita mpiganaji na waziri mkuu wa Mithila, ufalme wa baba yake. Kinasomeka kama filamu ya kupigana, nilikimaliza haraka na nikakisahau haraka. Sita anayemshinda kila mtu ananisisimua, lakini yule Sita aliyekosewa na mtu mwema ndiye anayeninyima usingizi. Kwangu hicho ndicho kipimo. Msimulizi akishalipoza lile swali la barazani, hata akimpendelea mwanamke, kwangu ameshindwa.

Kwa wenye bando dogo, anzeni na katuni ya Nina Paley, *Sita Sings the Blues*, ya 2008. Aliitoa bure mtandaoni, ni kihalali kabisa. Vivuli vitatu vinabishana kuhusu hadithi, kimoja kinasahau, kingine kinasahihisha, na Sita anaimba kwa sauti ya mwimbaji Mmarekani wa miaka ya 1920. Wapo Wahindu waliochukizwa nayo, na nawaelewa. Haya ni mambo ya ibada kwa watu, si burudani peke yake. Ba aliangalia dakika chache akasema turudi kwenye mataji.

Na mkiona Mahabharata ya Peter Brook, mwongozaji wa maigizo Mwingereza, ya jukwaani 1985 au filamu ya 1989, mtazameni Bhishma. Ni Sotigui Kouyaté, mzaliwa wa Bamako, wa ukoo wa wasimulizi wa jadi wa Afrika Magharibi. Wapo wakosoaji wa India waliosema Brook amepora kitabu chao, na mjadala huo haujakwisha. Ila mzee yule mrefu wa Kiafrika akikaa kimya mbele ya Draupadi, mimi naona wazee wa kwetu watupu.

Video ijayo ni Karna, aliyelelewa na mwendesha gari la farasi asijue mama yake ni malkia. Huyo nikianza sasa hivi tutakesha, na mimi kesho naingia kazini saa moja asubuhi.